Mwili imara katika siku ya kawaida ya Kigoma: mwongozo kamili wa wiki 12

Ushauri mwingi wa mazoezi unaosambazwa kwenye simu zetu husema amka saa kumi na moja alfajiri, vaa raba, kimbia. Kwa mkazi wa Kigoma, saa kumi na moja ni usiku. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunafuata saa zilezile za Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu huchomoza na kuzama karibu dakika 40 baada ya lile la pwani. Anayekimbia alfajiri hapa anakimbia gizani, pembeni ya bodaboda ambazo nyingine hazina taa. Jioni mambo ni tofauti: mwanga upo mpaka karibu saa moja, joto limeshuka na upepo wa ziwa umeanza kupanda. Wengi tunakuwa tumeshafunga kazi na bado hatujaanza kupika. Mwongozo huu umejengwa juu ya muda huo.

Mazoea mapya hudumu yanaposhikizwa kwenye jambo ambalo unalifanya kila siku hata hivyo: kwenda sokoni, kuteka maji, kwenda kuswali, kufunga duka, kusonga ugali. Ukitaka kuongeza saa nzima mpya kwenye siku iliyojaa, saa hiyo itakuwa ya kwanza kukatwa mtoto akiugua au mgeni akiingia. Kwa hiyo tutakwenda jambo moja baada ya jingine, na hakuna mahali utakapoambiwa ununue kifaa cha mazoezi.

Ninamwandikia hasa mtu anayekaa: karani, mwalimu, mwenye duka, dereva wa bodaboda, mama anayeuza dagaa akiwa ameketi tangu asubuhi. Kuli wa bandarini na mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha hawana haja ya kuambiwa watembee. Wao waruke sehemu ya kutembea na ya nguvu, wasome za vipimo, chakula na usingizi. Na mtu mwembamba anayefanya kazi ngumu asipunguze ugali wake kwa sababu ya maneno yangu.

Wiki ya 1: pima kwanza

Watu huruka hatua hii kuliko zote, nami naiona ndiyo yenye thamani kubwa. Presha haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi, anacheka na watu, mpaka siku ya kiharusi. Kisukari nacho huanza kimyakimya.

Pima mambo manne, uyaandike nyuma ya daftari lako la matumizi.

Presha. Nenda zahanati, kituo cha afya au, kama uko mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Ukipandisha mlima na kupimwa hapohapo, kipimo kitakudanganya. Chini ya 120/80 ni salama. Ikifika 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti, mwone daktari kabla ya kuendelea na mwongozo huu. Ikiwa 180/120 pamoja na kichwa kuuma sana, kifua kubana au macho kuona ukungu, baki hospitali siku hiyohiyo.

Sukari ya damu, kabla hujala chochote asubuhi. Kuanzia 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) ni kiwango cha kisukari, na daktari ataomba kipimo cha kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo, na hapo ndipo chakula na kutembea huweza kufanya kazi kubwa zaidi.

Kiuno. Azima futi ya fundi cherehani. Simama, toa pumzi kawaida, zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kuanzia sentimita 80, kwa mwanamume 94. Kiuno kinasema kuliko mizani, kwa sababu mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ya tumbo ndiyo yanayosumbua zaidi moyo na sukari.

Miguu. Kaa kwenye kiti kigumu kisicho na magurudumu, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Andika idadi. Utarudia kipimo hiki mwishoni.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na anayetumia dawa za kisukari azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kubadili chakula au kuanza mazoezi.

Wiki ya 2 hadi ya 4: tembea

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kutosha kumtoa jasho jepesi. Ni dakika 30, siku tano. Si lazima ziwe za mfululizo: kumi asubuhi, kumi mchana na kumi jioni zinahesabika sawasawa.

Mwendo wenyewe uujue hivi: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Sasa tafuta pa kushikiza. Kama unapanda bodaboda kwenda kazini, usiiache yote. Panda asubuhi ili usifike umelowa jasho, kisha jioni rudi kwa miguu, au shuka mbali kidogo na nyumbani umalizie mwenyewe. Nauli ya upande mmoja inabaki mfukoni, na kwa mwezi si pesa ya kudharau. Anayeswali msikitini ana safari zake tayari. Achague msikiti ulio mbali kidogo kwa Alasiri na aende kwa hatua za haraka. Mwenye duka anaweza kufunga kabla ya Magharibi na kuzunguka mtaa kabla ya kuingia ndani, maana akishaketi kwenye kochi hatoki tena.

Mji wetu una jambo ambalo miji ya tambarare inalikosa: milima. Kupanda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni ya reli hadi Mwanga ni zoezi kamili la moyo na mapaja. Usianze na kilima hicho. Wiki ya 2 tembea mahali pa tambarare, dakika 15 tu kwa siku. Wiki ya 3, dakika 20 hadi 25. Wiki ya 4 fika 30, na siku mbili kati ya hizo weka mpando mmoja. Kushuka nako kunahitaji adabu: fupisha hatua na ulegeze magoti kidogo, kwani magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupanda.

Tembea upande wa kulia wa barabara ili magari ya upande wako uyaone yakija. Jioni vaa kitu cheupe. Viatu si lazima viwe vya bei, ila viwe na soli isiyoteleza na visibane vidole. Kandambili zitakuumiza nyayo.

Kwa akina mama wa Ujiji na Mwanga, najua neno linalozuia: watu watasema nini wakiniona natembea bila shughuli? Mwiteni jirani au shangazi, mtembee wawili au watatu. Kanga na raba vinaendana bila shida, na hakuna atakayeuliza kitu kwa watu wanaokwenda wanapiga soga. Mwenzako pia ndiye atakayekugongea mlango siku unayosita.

Kuna anayeuliza, kwa nini tusiogelee, na ziwa liko hapa? Kuogelea ni mazoezi mazuri mno, na Ziwa Tanganyika lina maji ya kuvutia. Lakini kwenye kina kifupi chenye majani na konokono kuna kichocho, na baadhi ya fukwe zina mamba. Uliza wenyeji wa ufuo huo kwanza, epuka penye matete na midomo ya mito, na usiingie gizani. Kama umekuwa ukiogelea au kuchota maji ziwani miaka yote, omba kupimwa kichocho. Dawa yake ipo na inatibu.

Wiki ya 5 hadi ya 8: jikoni

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu chakula cha Kigoma ni kizuri kuliko tunavyokisifu, na kosa letu liko kwenye vipimo tu.

Tuanze na ugali wa muhogo. Unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu; protini yake haifiki gramu 2 katika gramu 100. Hautoshi peke yake, na mboga inayowekwa pembeni kama kionjo haiwezi kuziba pengo. Lakini tazama tulichonacho cha kuukamilisha: dagaa wa ziwani wakikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao tunapata kalisi ya meno na mifupa yetu. Maharage ya Kasulu yana zaidi ya gramu 20 za protini katika kila gramu 100 yakiwa makavu. Na migebuka, samaki wetu wa ziwani, je? Kuna sombe, yaani kisamvu, lengalenga na matembele. Mtu wa Kigoma hana sababu ya kutafuta chakula cha lishe kwenye makopo.

Geuza sahani tu. Nusu iwe mboga za majani na matunda, robo iwe samaki, dagaa, maharage au mayai, robo iliyobaki iwe ugali, wali au ndizi. Kwa anayekaa siku nzima, ugali wa ukubwa wa ngumi yake unatosha. Wiki ya kwanza utaona mboga ni nyingi kupita kiasi. Pakua mboga kwanza, ugali mwisho, kwa sababu kinachoingia sahanini kwanza ndicho huchukua nafasi.

Unga wa muhogo uwe umetokana na muhogo uliolowekwa na kuanikwa vizuri, hasa ule mchungu. Kuloweka hupunguza sumu yake ya asili. Usinunue unga wa mtu aliyeharakisha.

*Mafuta.* Mawese ndiyo fahari yetu, nami sitamwambia mtu ayaache. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya macho na kinga, jambo muhimu sana kwa watoto. Ila karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ile inayopandisha lehemu kwenye damu. Katika alizeti aina hiyo ni karibu gramu 11 tu kwa kila 100. Kwa hiyo mawese yatumike kwenye sombe na maharage, kwa kijiko, yakiwa mekundu. Ukiyachoma mpaka yanapoteza rangi umeharibu faida na kubakiza hasara. Kukaangia iwe jambo la siku moja moja, na mafuta yaliyokwisha kuwa meusi yamwagwe. Samaki wa kuchemsha kwa nyanya, kitunguu na ndimu ni mtamu. Mpe nafasi mara mbili kwa wiki.

*Chumvi.* Mkoa wetu ndio wenye Uvinza, ambako watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi kwetu haijawahi kuwa haba, na mkono wetu umezoea. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa mtu kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na samaki. Nunua yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na mvuke wa sufuria, na uitie chakula kikikaribia kuiva ili madini hayo yasipotee. Samaki wa chumvi mloweke, mwaga maji, kisha mpike bila kuongeza nyingine. Na kibakuli cha chumvi kiondoke mezani.

*Sukari.* Kwa siku, mtu mzima anafaa abaki karibu na gramu 25 za sukari ya kuongeza, sawa na vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 au zaidi, kwa hiyo soda moja imeshavuka. Chai ya asubuhi ya vijiko vinne ipunguze kijiko kimoja kila wiki mbili. Ulimi huzoea, ila hautaki kushtukizwa.

Utajuaje kama nyumba yako imezidisha? Hakuna haja ya kupima kila mlo. Andika tarehe kwa kalamu kwenye pakiti siku unapoifungua. Kwa familia ya watu wazima watano, kilo ya chumvi inafaa idumu siku 40. Kilo ya sukari idumu siku 8. Lita ya mafuta, kwa kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji katika milo miwili, idumu zaidi kidogo ya siku 6. Tarehe ile kwenye pakiti ndiyo itakuambia ukweli, na inamfaa hata baba ambaye haingii jikoni lakini ndiye anayetoa pesa.

Jambo jingine linalopuuzwa: chai pamoja na chakula. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Kwa wasichana na wajawazito, wanaoishiwa damu kwa urahisi, ni hasara kubwa. Chai iachwe saa moja mbali na mlo, na mlo ukamuliwe ndimu au ufuatwe na kipande cha papai au embe, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kiingie.

Asubuhi, maandazi na chapati viwe vya siku ya wageni. Muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, yai au maharage yaliyobaki jana yatakushikilia mpaka mchana bila njaa ya saa nne.

Ramadhani ikiingia katikati ya mpango wako, usisimamishe chochote. Hamisha tu. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha kula mlo wenye mboga na samaki kabla hujafikia sambusa na kaimati. Tembea taratibu baada ya Tarawehe au dakika chache kabla ya futari. Mwenye kisukari anayetumia dawa aonane na daktari kabla mwezi haujaandama.

Maji

Yachemshe au yatibu kwa dawa ya maji. Mwaka 2015 kipindupindu kilipiga Kagunga, kwenye ufuo wa ziwa hilihili, na watu walikufa. Maji ya ziwa yakiwa maangavu bado si salama. Kiasi cha kunywa ukipime kwa mkojo: ukiwa wa njano iliyokoza, hujanywa ya kutosha.

Wiki ya 9 hadi ya 12: nguvu za misuli

Kutembea hakutoshi. Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na mzee anayeanguka bafuni mara nyingi ni yule ambaye mapaja yake yalidhoofu miaka kumi kabla. Siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, tenga dakika 20 wakati maharage yako jikoni. Mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili zikizuia kutembea, ongeza siku ya tatu.

Anza kwa kusimama na kukaa kwenye kiti, mara 10, bila kusaidia kwa mikono. Pumzika, rudia mara mbili. Ikishakuwa rahisi, shika dumu la lita 5 kifuani. Hilo ni kilo 5. Halafu pushapu za ukutani: viganja ukutani usawa wa kifua, rudi nyuma hatua moja, kunja viwiko, sukuma. Mara 10, raundi tatu. Wiki ya 11 shuka kwenye meza imara, na baadaye sakafuni kama mabega yanaruhusu. Tatu, lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua nyonga na uishike sekunde tano. Wenye mgongo unaouma kwa kukaa watalishukuru zoezi hili.

La nne unalifanya tayari, ila pengine vibaya: kubeba maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Usiinamie mgongo, chuchumaa, iweke karibu na mwili, nyanyuka kwa mapaja. Na badala ya ndoo moja inayovuta upande mmoja, tumia madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, tembea wima. Mikono, tumbo na mgongo vyote vinafanya kazi.

Usingizi, kila wiki

Saa saba au zaidi. Mtu asiyelala hula zaidi kesho yake, hasa vitamu, na presha yake hupanda. Simu ichajiwe sebuleni. Lala ndani ya chandarua bila kuruka hata usiku mmoja, kwani Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na homa moja inafuta kazi ya mwezi mzima.

Wavuvi wa dagaa, ninyi mnalala mchana. Fungeni pazia zito, mkubaliane na watu wa nyumbani juu ya saa za kutosumbuliwa, na chandarua kishushwe hata mchana. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na mitumbwi ikipumzika, ndizo za kwenda kupima presha.

Ukikosa, na ukiumia

Msiba, safari ya Kasulu, mtoto kulazwa: utakosa. Rudi siku inayofuata kwa nusu ya kiwango, usijaribu kulipa deni lote kwa siku moja, maana hapo ndipo watu huumiza magoti. Maumivu ya misuli ya siku mbili baada ya zoezi jipya ni ya kawaida. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kukosa pumzi ghafla au kuona kizunguzungu si ya kawaida: acha hapohapo, kaa, omba mtu akupeleke hospitali.

Mwisho wa wiki ya 12

Rudia vipimo vinne vya wiki ya kwanza, saa zilezile na kwa njia ileile, na uandike kando ya vile vya zamani. Usishangae mizani isipobadilika huku kiuno kimepungua. Misuli nayo ina uzito. Mara nyingi namba ya kusimama kitini ndiyo hubadilika mapema kuliko zote. Presha ikibaki 140/90 au zaidi, endelea na kila kitu lakini rudi kwa daktari, kwa sababu wapo ambao mwili wao unahitaji dawa hata wakiishi vizuri kiasi gani. Na kama tayari unatumia dawa na presha imeshuka, peleka daftari lako kliniki na uendelee kuzimeza kama ulivyoandikiwa mpaka daktari mwenyewe atakapopunguza.